Kapiteni Asiende

Binti anayeposwa hakai mbele ya wageni. Anawekwa chumbani na nguo zake nzuri, anakalishwa kitandani kama mzigo unaongoja mwenyewe, na yote yanayosemwa juu ya maisha yake anayasikia kupitia pazia. Honorine alikuwa amekaa hivyo tangu saa nane mchana. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa na cherehani mbili na wanafunzi wanne wa ushonaji, na siku za kazi hakuna mtu katika mtaa wa Mudzipela aliyethubutu kumwambia nyamaza. Leo alikuwa ameambiwa mara tano.

Nje, kwenye kiwanja cha lupango, chini ya turubai la bluu, muzee Sébastien, baba mdogo wa mposaji Vital na msemaji wa upande wa mwanamume, alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Bakwe, siye tulikuwa tunapita njia tu. Tukaona katika lupango yenu ua moja limechanua..."

"Muzee Sébastien, simama hapo hapo." Huyo alikuwa shangazi Monique, msemaji wa upande wa binti. "Mwezi uliopita batu walikuya kwa jirani, ua. Jumamosi iliyopita kwa mwalimu, ua tena. Hapa siye hatuuzi maua. Mulikuya kufanya nini?"

Watu wakacheka. "Haya, mama. Tulikuya kuomba mutoto."

"Mutoto gani? Humu iko wengi."

"Ule mwenye anashona."

"Wanashona watatu."

"Ule mwenye anashona na anasema sana."

"Aa! Huyo mumuchukue hata sasa hivi."

Turubai lote lilicheka, na Honorine akajiziba mdomo kwa ncha ya kikwembe chake. Akasogeza pazia upana wa kidole. Vital alikuwa ameketi kiti cha tatu, koti limembana mabegani, na ile mikono yake ya kuchomelea milango na kudaka mipira haikujua ikae wapi. Mara iko magotini, mara kifuani. Akainua macho moja kwa moja mpaka kwenye pazia, kama aliyeitwa. Honorine aliachia kitambaa haraka, moyo ukimpiga kama wa msichana wa shule. Alijiona mjinga. Alifurahi hata hivyo.

Ndipo baba yake alipokohoa.

Muzee Hippolyte alifundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini, na alipokohoa watu wazima walikaa sawasawa.

"Kijana Vital. Ni kweli ekipe yenu inaruka Jumanne?"

"Ndiyo, baba."

"Mutaenda kucheza katika sikukuu ya ule mukubwa wao."

"Tunaenda kucheza mupira, baba. Mechi tatu, tunarudi. Siye hatuko batu ya siasa."

"Weye hauko. Yeye iko."

Nyuma ya pazia Honorine alifumba macho. Alijua siku hii itafika. Aliomba tu isifike leo. Katika nchi ile, safari ya ndege mbili kutoka Bunia, kaka yake Léon alikuwa dereva wa gazeti moja. Miaka mitatu iliyopita askari walifunga gazeti, wakachukua kila waliyemkuta. Tangu hapo, hakuna barua, hakuna simu, hakuna maiti. Na sasa mkubwa wa nchi hiyo alikuwa anatimiza miaka ishirini kitini, akaalika ekipe za kandanda kutoka pande zote zije zimchezee, na mojawapo ilikuwa Étoile ya Shari, timu ya hapa Bunia, ambayo kapiteni na golikipa wake alikuwa Vital.

"Mutacheza vizuri, sina mashaka," muzee aliendelea. "Halafu watapiga picha. Vijana wa Ituri wanacheka, ule mutu katikati. Picha itawekwa kwa gazeti. Na mama mwenye mutoto wake iko ndani ya gereza ataifungua, atakuona weye na meno yako inje."

"Muzee, uniruhusu," alisema Sébastien. "Batu wadogo wa kule nao wanapenda mupira. Serikali inawatesa, na siye tuwanyime hata masaa mawili ya kufurahi?"

"Tikiti ya kuingia anawapa nani?"

Sébastien akageuza kofia yake mkononi.

Vital alisimama. Sauti yake haikuwa kubwa. "Baba, miye nilifikiri sana. Nikisema siendi, wale wa upande wangu hawataenda. Wale wengine wataenda. Ekipe itapasuka katikati, na kila mutu katika muji huu ataona imepasuka wapi. Tulitumia miaka sita ili wale vijana wakule sahani moja."

Hakuna aliyeuliza upande gani. Watu walitazama chini. Katika umati ule mlikuwa na wanaume ambao miaka michache nyuma walikimbizana kwa mapanga, na sasa walikuwa wameketi bega kwa bega wakingoja wali, kwa sababu watoto wao walivaa jezi ya rangi moja. Bunia ilikuwa na amani, ndiyo, lakini ni ile ya kubeba kwa mikono miwili.

"Nimesikia," alisema Hippolyte. "Na miye nisikilizwe. Honorine ataitwa, ataulizwa kama desturi. Akisema ninywe, nitakunywa, juu ni neno yake. Lakini kama kapiteni anaenda kule, nyumba yao sitaiingia. Hata wakizaa. Hata wakinizalia mwenye jina yangu."

*

Desturi ni rahisi. Baba anashika glasi ya kinywaji kilicholetwa na wakwe. Anamuuliza binti yake mbele ya wote: ninywe? Binti akisema kunywa, ameposwa. Akinyamaza, masanduku ya sucré, zile soda, yanarudi yalikotoka, na mwanamume pamoja nayo.

Honorine alitoka. Vigelegele vilipigwa na yeye hakuvisikia. Alimwona Vital akimtazama kama mtu mwenye kiu, alimwona baba yake na glasi ya Fanta, mkono hautikisiki. Alimwona na mama yake, Émilienne, aliyeketi pembeni na kikwembe kile kile cha kila sherehe. Tangu Léon apotee alikataa kushonewa kipya, na binti yake ni mshonaji.

"Honorine, mutoto wangu. Kinywaji hii imeletwa na batu hawa. Ninywe?"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, silabi mbili, na akilisema au akiliacha, kuna mtu lingemuua. Baba aliuliza mara ya pili. Shangazi Monique akamfinya kiunoni.

"Baba, ngoja," alisema Vital. "Kabla ajibu. Iko kitu nilitaka kuwaambia nikisha kurudi, lakini naona leo ndiyo siku yake."

Alikuwa anatabasamu. Honorine alikuja kukumbuka hilo baadaye, kwamba alikuwa anatabasamu.

"Siendi kule bure. Alhamisi delege wao, mujumbe wa serikali yao, alikuya kutuletea jezi. Mutu wa adabu sana. Nilimuweka pembeni, nikamupa karatasi. Niliandika jina ya yaya Léon, majina yote matatu. Niliandika kovu yake ya shavuni. Niliandika kama kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi wa baiskeli, kazi aliyoipenda. Na nilimupa picha yake, ile Honorine alinipa. Delege aliniambia: kapiteni, mukifika tutakuwa tumekwisha kumupata. Tutakufurahisha."

"Yesu!" Émilienne aliruka kutoka kitini, mikono juu. Alikwenda kumkumbatia Vital, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akalia kwenye koti lake. "Mutoto wangu! Huyu ndiye mukwe! Hippolyte, umesikia?"

Hippolyte alikuwa amesikia. Glasi ilikuwa imelala mkononi na Fanta ilikuwa inamtiririka kwenye suruali. Hakuifuta. Akaiweka glasi chini taratibu, kama yai.

"Bakwe," alisema, "mutuvumilie dakika kidogo. Iko neno la ndani ya nyumba."

*

Chumbani waliingia wanne: yeye, mkewe, Honorine na Vital. Muzee alifunga mlango, akafunga na dirisha, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Léon iko muzima."

Akamwonyesha mkewe kidole cha kunyamaza, akaendelea:

"Vahwere, ule anauza vitenge, alimuona na macho yake. Iko katika muji moja mudogo wa kule. Amebadilisha jina, amefuga ndevu. Anatengeneza baiskeli za batu sokoni, anangoja njia ya kutoka. Askari walikwisha kumusahau. Walifikiri alivuka mupaka zamani." Alimgeukia Vital. "Mpaka Alhamisi."

Vital alibaki amesimama, mikono imefunguka, kama golikipa aliyesikia wavu ukitikisika nyuma yake na hataki kugeuka.

"Ulijua tangu lini?" Émilienne aliuliza.

"Mwezi wa pili."

"Leo ni mwezi wa kumi na moja."

"Émilienne..."

"Miezi tisa nalala chini nalilia mutoto muzima. Na weye kwenye kitanda unanisikiliza."

"Ulikuwa unalia kweli," alisema Hippolyte. "Batu walikuona, wakaamini. Kama ningekuambia, ungekuwa unaimba jikoni. Ninakujua."

Émilienne alimtazama mume wake wa miaka thelathini na miwili kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumbani bila hodi. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kuanza kulainisha shuka, pale pale, mahali pamoja.

Muzee alitoa simu, akampigia Vahwere, aliyekuwa njiani kurudi kutoka Butembo. Waliongea kwa mafumbo, habari za kitambaa na mteja. Honorine alisikia sauti ndogo ya yule mfanyabiashara ikisema kwamba namba ya mteja haiiti tangu jana, lakini labda ni rezo, mtandao wa simu, kule rezo inasumbua.

"Labda," alisema Hippolyte. Akaizima simu na kuitazama ikiwa imezimika.

"Siendi tena," alisema Vital. "Leo leo narudisha jezi. Ekipe ipasuke. Siendi."

"Utaenda."

"Baba, weye mwenyewe ulisema..."

"Nilisema wakati nilikuwa mujinga. Sasa sikia. Kapiteni ametoa jina ya mutu, halafu kapiteni anakataa kuya. Delege atajiuliza nini? Atasema: huyu amejua kitu. Wataitafuta ile karatasi. Lakini ukienda, ukacheka, ukacheza, hauulizi tena habari ya Léon, labda karatasi italala ndani ya meza, chini ya karatasi zingine." Alimshika bega kijana ambaye nyumba yake, nusu saa iliyopita, aliapa kutoiingia. "Utaenda, utacheka. Mbele ya ule mutu. Wakupige picha."

"Na inje?" Honorine aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza anasema tangu atoke nyuma ya pazia.

"Inje iko batu arobaini. Tukiwarudisha, kesho Bunia yote itauliza kitu gani ilisemwa ndani ya chumba hiki. Tunatoka, tunamaliza. Nanyi muoshe uso." Akamwinua mkewe kwa mkono. Émilienne aliutoa mkono wake, akatoka mbele yake.

*

Walibaki wawili. Kwa miezi Honorine alikuwa ameota dakika mbili za kuwa peke yao siku hii. Alikuwa amepanga hata atakachosema.

"Juu ya nini haukuniuliza?" ndicho alichosema.

"Nilitaka ufurahi bila kutegemea."

"Ungeniuliza tu, Vital. Neno moja."

"Ungenijibu nini? Weye ulijua?"

Hakujua. Huo ndio ukweli. Angemwambia fanya, mpenzi wangu, mpe, na angetafuta picha iliyo safi zaidi. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Vital alifanya kwa kumpenda. Baba alinyamaza kwa kumpenda Léon. Na picha aliitoa yeye, kwenye albamu, kwa mikono yake, jioni moja Vital aliposema anamkumbuka yule kaka aliyemfundisha kupanda baiskeli kwenye mteremko wa Shari. Alizunguka wote watatu, akarudi mikono mitupu.

"Nichukie," alisema Vital. "Itakuwa rahisi."

"Sina nguvu."

Alimsogelea. Honorine aliweka paji la uso kwenye lile koti, mahali ambapo bado palikuwa pamelowa machozi ya mama yake. Mkono wa Vital ulipanda mpaka shingoni pake, ukakaa, mzito na wa moto. Alimpenda kuliko asubuhi. Hilo ndilo lililomwogopesha.

"Honorine. Na kama delege anatimiza neno yake? Kama anamuleta mbele yangu, anasema kapiteni, huyu hapa?"

Mlango uligongwa. "Muoaji na muolewaji!" shangazi Monique aliita. "Mutakuwa na maisha yote ya kuongea! Batu wana njaa!"

*

Hippolyte alijaza glasi upya. Aliuliza: ninywe? Honorine alisema kunywa, baba, wazi, hata wa nyuma walisikia. Muzee akanywa mpaka tone la mwisho, akaigeuza glasi juu chini watu waone, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: alimkumbatia Vital, akatangaza kwamba mukwe wake anakwenda kuibeba Ituri nje, na kwamba Jumanne yeye mwenyewe atakuwa uwanja wa ndege.

"Ona muzee!" alipiga kelele Sébastien. "Wakienda chumbani alikuwa simba!"

"Mwanamuke wake amemusemesha," alijibu mtu.

Walicheka, wakapiga makofi, muziki ukafunguliwa. Wengi walishukuru Mungu kwamba ekipe haitapasuka. Émilienne aligawa wali na samaki wa ziwani bila kumwaga hata punje. Kila sahani aliiangalia. Hakumwangalia mume wake.

Siku hiyo ni binti anayempelekea mwanamume sahani yake ya kwanza, na anaketi kando yake mpaka amalize. Honorine aliiweka mezani. Aliketi karibu, bega kwa bega, na kwa wote waliotazama walikuwa wachumba wawili wanaonong'onezana katika kelele.

"Miye ni delege," alisema Honorine. "Niko na mutu mwenye ndevu, nimemushika mukono. Nakuuliza: kapiteni, ndiye huyu?"

Vital aliweka kijiko. "Hapana leo. Nakuomba."

"Jumanne iko karibu. Ndiye?"

"...Si yeye."

"Unatazama sahani. Tena. Ndiye huyu?"

"Si yeye."

"Umemeza mate. Wataona. Tena."

"Honorine, haujafikiri kitu moja. Yeye hajui. Ataniona, atafurahi. Ataniita jina."

Hilo hakika hakuwa amelifikiri. Aliliona lote mara moja: ndevu, kovu, meno, na uso wa kaka yake ukifunguka kwa furaha kwa sababu mtu wa nyumbani amekuja. Alishika ukingo wa meza. Kisha akafanya anavyofanya uzi unapokatika katikati ya mshono, akatafuta ncha.

"Jina yako iko mugongoni mwa jezi," alisema. "Kila mutu anaweza kuiita. Utamutazama kama unatazama mushabiki. Utacheka kidogo. Haya. Léon anasema: Vital! Vital, ndugu yangu!"

Aliliita kwa sauti ya Léon. Hakujua kama anaijua bado.

Vital alitazama mbele. Alilegeza mabega. Alipogeuka, uso ulikuwa mwepesi, wa adabu, wa mtu anayesikitika kidogo kwa usumbufu wa wengine, na macho yake yaliingia ndani ya macho ya Honorine bila kupepesa.

"Hapana, delege. Si yeye," alisema. "Huyu simujui. Muniombee radhi kwake."

Honorine alitafuta katika uso ule alama yoyote, kona ya mdomo, kope, kitu. Hakuna. Walikuwa wametazamana muda mrefu mno, na meza nzima ikaona.

"Muwaache!" alipiga kelele shangazi Monique, akipiga vigelegele. "Muwaache, watoto wanapendana!"

Honorine alimsogezea sahani.

"Hivyo hivyo," alimwambia. "Tena mara moja."